Televisheni ya Shule na Kichanja cha Somoe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo pua yangu inasikia petroli. Ulikuwa mwezi wa nne, maji ya Rufiji yameshapanda bondeni, na mimi nimesimama mlangoni mwa darasa la saba la shule yetu, nimevaa shati la mtumba lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa, nimeshika kamba ya jenereta. Nikaivuta. Ikakohoa. Nikaivuta tena, ikakohoa. Ya tatu ikanguruma, na juu ya meza ya mwalimu kioo cha televisheni kikawaka rangi ya buluu, na kijiji kizima kikapiga makofi.

Kijiji kizima, nasema. Wazee wamekalia madawati, magoti yamewafika kidevuni. Akina mama wamejaa madirishani. Mwenyekiti wa kijiji yuko mbele kabisa, na kofia yake ya kiua. Nikawahesabu wanafunzi wa darasa la saba waliokuwemo: kumi na mmoja. Nikawahesabu tena, maana mimi ndivyo nilivyoumbwa, sihesabu kitu mara moja nikalala usingizi. Kumi na mmoja. Na daftari la mahudhurio lilikuwa na majina arobaini na moja.

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri wengine wamekosa nafasi kwa wingi wa watu. Huo ndio ujinga ninaotaka kukuandikia leo, na nakuandikia nikiwa na hasira, nisikufiche. Wiki iliyopita nimetoka kwenye mkutano wa shule na mpaka sasa chai hainishuki vizuri. Nitakueleza kilichotokea huko, lakini kwanza nikupe chanzo, maana hasira isiyo na chanzo ni wazimu.

Miaka ile biashara ndiyo kwanza imefunguliwa. Ninyi mliozaliwa juzi hamjui duka tupu lilivyo: rafu zina vumbi, muuzaji anapiga miayo, sabuni unaipangia foleni ukifika mbele unaambiwa imekwisha. Halafu ghafla ikawa ruksa. Ikwiriri ikajaa redio, saa za mkononi, miwani ya jua, viatu vya watu tusiowajua. Na sisi, kama mtu aliyefuturu kwa pupa, tukala mpaka maganda.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilinunua ufuta vijijini nikauuza Ikwiriri, na jina langu Bakari lilikuwa limekaribia kusahauliwa, watu wakiniita Mahesabu. Nilikuwa naweza kukaa na muuza nguo tangu asubuhi mpaka adhuhuri kwa ajili ya suruali moja, na nikiondoka nina suruali, mkanda, na yeye ananiombea dua nisirudi. Sijisifu. Au najisifu kidogo, lakini utaona sifa hiyo ilinifikisha wapi.

Sasa, kwa ninyi mliokulia mjini, lazima niwaeleze jambo moja ambalo kila mtu wa kwetu analijua, na ndilo hilo hilo tulilolisahau. Zamani watu wa Rufiji walikaa bondeni, karibu na mashamba. Serikali ikatuhamisha kutoka bondeni, ikatupandisha juu kwenye vijiji. Nyumba zikahama. Shule ikajengwa huko huko juu. Lakini mpunga haukukubali kuhama. Mpunga unataka maji ya mto, uko bondeni mpaka leo. Kwa hiyo msimu ukifika, familia zinafunga milango huku juu zinashuka kukaa madunguni. Dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, unapanda kwa ngazi; chini maji yanapita, juu mnapika, mnalala, mnalinda. Mchana ndege, jioni nguruwe. Na ndege hawalindwi na baba mwenye nguvu za kulima. Ndege wanalindwa na watoto, kwa kombeo na kwa kamba zenye makopo. Basi kuanzia mpunga ukianza kutoa mbegu mpaka uvunwe, nusu ya shule yetu, na zaidi ya nusu, iko juu ya nguzo huko bondeni.

Wakubwa waliokuwa wakija kukagua shule walikuwa na neno moja tu kwa watoto hao: watoro. Neno hilo lilikuwa likinikera wakati ule na linanikera sasa. Mtoto wa miaka kumi na mitatu amekaa juani tangu alfajiri, anawalindia chakula baba, mama, na huyo huyo mkaguzi atakayekuja kukaribishwa wali, halafu anaandikwa mtoro. Mtoro ni aliyekimbia kazi. Huyu amekimbia kazi gani?

Mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Mbonde, hakuwa akilitumia neno hilo. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye baiskeli inayolia kama bata. Msimu uliotangulia alikuwa amefanya jambo. Aliazima redio-kaseti ndogo ya shemeji yake, akajirekodi mwenyewe akifundisha sehemu na asilimia, polepole, kama anavyosema darasani, akaipeleka kwenye madungu matano yaliyokaribiana. Watoto wa pale wakawa wanakusanyika kwenye dungu moja kwa zamu, wanasikiliza, wanasimamisha kaseti, wanaandika, wanairudisha nyuma. Kila Alhamisi Mwalimu anashuka na baiskeli, anasahihisha madaftari, anabadilisha kaseti. Mvuno ulipokwisha watoto wale wakarudi shule, na kwenye jaribio la mwezi wa sita wakawapita waliobaki darasani. Mwalimu alituonyesha karatasi zao. Nilizihesabu. Mara mbili.

Basi kijiji kikakubaliana kila kaya itoe debe la mpunga, tuinunulie shule chombo cha kufundishia. Kwenye mkutano Mwalimu Mbonde akaulizwa anataka nini. Akasimama, akasema:

"Nataka redio-kaseti tatu ndogo, betri, na kaseti tupu. Basi."

Mwenyekiti akacheka. "Mwalimu, mpunga wote huu kwa vitu vya kubeba kwapani?"

"Ndiyo, Mwenyekiti. Mimi sitaki chombo cha kutazamwa. Nataka chombo cha kubebwa."

Nani apelekwe Ikwiriri kununua? Mahesabu, bila shaka. Na mdogo wangu Somoe, aliyekuwa darasa la saba na siku ile amepanda kutoka dunguni, akanisindikiza mpaka mwisho wa kijiji. Huyu Somoe ndiye aliyekuwa na la kupoteza katika habari hii, kwa hiyo mshike kichwani. Baba yetu alikuwa ameshafariki. Mjomba alikuwa ameshatamka: mtoto akichaguliwa kwenda sekondari, atasomeshwa, asipochaguliwa, kuna watu wa Umwe wameshaleta posa. Mtihani ulikuwa mwezi wa tisa. Na Somoe tangu mwezi wa pili alikuwa dunguni na bibi yetu, Bi Hadija, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mwingine wa kulinda.

"Kaka, redio zina ukubwa gani?" akaniuliza. Nikamwonyesha kwa mikono. Akaipima mikono yangu kwa kipande cha ukindu, akakikata, akakitia mfukoni. Sikumuuliza cha nini.

Ikwiriri palikuwa na mfanyabiashara mmoja karibu na kituo cha mabasi, nimwite Shomari, nisije nikasema jina lake wajukuu zake wakanidai. Nikamwambia nataka redio tatu. Akaniangalia kama mtu aliyeagiza punje tatu za wali.

"Redio? Kwa shule?" akasema. "Mnataka watoto wasome, au wasikilize matangazo ya vifo?"

Akanichukua nyuma ya duka, akanifunulia shuka. Televisheni. Chini yake dude la video. Pembeni jenereta ndogo nyekundu. Akawasha, akaweka mkanda wa Kihindi, na mwanangu, mwanamke mmoja akaruka kutoka nyuma ya mti na sari yake ya manjano, na mimi moyo ukaondoka nao ukaruka. Shomari akasema shule kadha wa kadha mjini zimeshanunua. Kwamba huko ng'ambo mwalimu hafundishi tena, anabonyeza tu. Kwamba kijiji kitakachotangulia kitaandikwa. Nilikuwa najua maneno ya wauzaji tangu niko mgongoni, na bado yaliniingia. Unajua kwa nini? Kwa sababu alimalizia hivi: "Lakini wewe Mahesabu si mteja wa kudanganywa. Wewe nakupa kama ninavyompa mfanyabiashara mwenzangu." Jogoo hushikwa kwa punje, na mimi nilishikwa kwa jina langu mwenyewe.

Tukaanza kubishana. Nilibishana kuliko siku zote za maisha yangu. Nikakagua nyaya, nikahesabu skrubu za jenereta, mara mbili. Nikapata nyongeza ya antena bure. Nikapata mikanda minne ya masomo, bure. Nikapata mpaka turubai la kufunikia. Jua lilipokuwa linageuka, mpunga wote wa kijiji ulikuwa umeingia stoo kwa Shomari, na mimi nilikuwa juu ya lori nimekumbatia televisheni kama bwana harusi. Sikununua redio hata moja. Nilijiambia: redio tatu kwa mpunga ule ule, au seti nzima? Hata mtoto angejua.

Hata mtoto, kweli. Mtoto alikuwa anajua. Mimi ndiye sikumuuliza.

Kijiji kilinipokea kwa vigelegele. Mwalimu Mbonde alizunguka lile dude mara moja, akagusa jenereta kwa kidole, akaniambia kwa sauti ya chini: "Umenunua vizuri, Bakari. Sasa nitajie mwanafunzi mmoja atakayelibeba hili mpaka dunguni."

Nikamjibu mbele za watu. Nikamwambia, "Mwalimu, wivu na maendeleo havikai chumba kimoja." Watu wakacheka. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka ishirini na alinifundisha kusoma. Maneno hayo nimeyabeba mpaka uzee, na siyo mepesi.

Basi tukarudi kwenye ile siku ya petroli. Kioo kimewaka, makofi yamelia, nikaweka mkanda wa kwanza wa masomo. Akatokea mtoto wa Kizungu, mashavu mekundu, amevaa makoti mawili, amesimama kwenye kitu cheupe kimetanda nchi nzima. Anahesabu matufaha na kuongea Kiingereza cha haraka, cha puani. Watoto wetu walikuwa wakisoma hesabu kwa Kiswahili, na tufaha hawajapata kuliona. Kila mtoto yule akifungua mdomo, moshi unatoka.

Mzee mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Huyo mtoto anavuta sigara?"

"Ni baridi, mzee," Mwalimu akajibu kutoka ukutani.

"Sasa baridi na moshi vinatufundisha nini sisi?"

Mwalimu akasema, "Hilo muulize mnunuzi."

Nikaweka mkanda wa pili, wa tatu, wa nne. Mtoto ni yule yule, matufaha yamebadilika. Antena niliipandisha juu ya mlingoti wa bendera, ikashika kunguru. Mwenyekiti, kuokoa heshima, akatoa kwenye kanzu mkanda aliouazima, wa watu wanaopigana kwa mateke, na hapo darasa likachangamka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nami nilikuwa nimeuleta mkakasi ule kwa lori.

Kesho yake asubuhi nikashuka bondeni kumwona Somoe. Nilikuwa bado najidanganya. Nilikuwa naenda kumwambia aje juu, atazame. Nikavuka maji kwa mtumbwi wa jirani mpaka kwenye nguzo za dungu letu, nikapanda ngazi.

Somoe alikuwa amekaa mlangoni, daftari mapajani. Kamba ya makopo ameifunga kwenye kidole gumba cha mguu. Ndege wakitua anavuta mguu, makopo yanalia, ndege wanaruka, na mkono haujaacha kuandika. Alikuwa anarudia masomo ya mwaka uliopita, yale ya kaseti ya Mwalimu, kwa mara ambayo hata yeye alishasahau. Juu ya kichwa chake, pembeni, mahali ambapo mvua haifiki, palikuwa na kichanja kidogo kipya cha fito, zimefungwa kwa ukindu, zimelingana kama meno ya chanuo. Upana wake ulikuwa ule ule niliomwonyesha kwa mikono. Kitupu.

"Shikamoo kaka. Imekuja?" akauliza.

Nikaanza kueleza. Televisheni, nikasema, rangi, seti nzima, turubai bure. Nikaongea sana. Bi Hadija alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso mpaka nilipomaliza. Bibi yetu yule alikuwa akiniita mume wake, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu.

"Mume wangu," akasema, "hebu nihesabie. Skrubu ulihesabu?"

"Nilihesabu, bibi."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Nyaya?"

"Mbili."

"Watoto wa madunguni?"

Makopo yakalia, Somoe alikuwa amevuta mguu, hakutuangalia.

"Watoto hukuhesabu hata mara moja," Bi Hadija akasema. "Umezaliwa kwenye dungu kama hili. Kitovu chako kimeanguka hapa, tumekizika pale kwenye kichuguu. Ukapanda juu siku mbili tu, ukasahau shule ya kwenu inakaa wapi. Mgeni angekosea hivyo ningemsamehe, nikampa na wali. Wewe nikupe nini?"

Halafu akarudi kwenye ungo wake. Hakupaza sauti. Wazee wetu walikuwa na ukali wa namna hiyo, wa kukuachia ukimya ujimalize mwenyewe. Nikashuka ngazi. Nyuma yangu nikamsikia Somoe akisema taratibu, "Bibi, basi. Kaka hakukusudia." Mwanangu, kutetewa na uliyemdhulumu ni adhabu, omba usiionje.

Kilichofuata nitakisema upesi kwa sababu kinanichoma. Televisheni haikufundisha mtoto yeyote chochote. Petroli ya somo moja ilikuwa ikimshinda Mwalimu, lakini petroli ya mateke ilipatikana kila Ijumaa baada ya swala, na Mwenyekiti akakaa mlangoni kukaribisha watu. Watoto wa madunguni wakaanza kutoroka kuja kutazama, hapo ndipo walipokuwa watoro kweli, na kwelea wakashuka kwenye mpunga wasikute mtu. Mkaguzi akaja, akaiona televisheni, akafurahi, akaandika kwamba shule yetu ni ya mfano. Ya mfano. Darasa la mkabala halikuwa na chaki, yeye anaandika ya mfano. Mwezi wa saba mtu akaijaza jenereta dizeli, na habari ikaishia hapo.

Mwezi wa tisa Somoe akafanya mtihani. Majina ya waliochaguliwa yalipokuja yalibandikwa mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu. Somoe alikuwa shamba tena, kwenye mahindi ya mlao, yale tunayopanda maji yakishuka. Akapanda juu, miguu ina matope, akasimama mbele ya ile karatasi. Ilikuwa na majina mawili. Akayasoma kutoka juu mpaka chini. Halafu akayasoma tena. Majina mawili, mwanangu, na akayasoma mara mbili. Ndipo nilipojua kwamba tabia yangu ile ni ya ukoo.

Akanigeukia akasema, "Twende kaka, nyani wataingia kwenye mahindi."

Hakusema lingine siku ile, na juu ya jambo hilo hajasema lingine mpaka leo.

Juma lile nikaibeba televisheni mpaka Ikwiriri. Sikumwomba mtu ruhusa. Shomari akaitazama akasema, "Ikishavaliwa ni mtumba, Mahesabu. Wewe mwenyewe ni mtu wa soko." Kwa televisheni na video na jenereta mbovu akanipa redio-kaseti moja, kaseti kumi tupu, na boksi la betri. Nilibishana kidogo tu, kwenye betri, kwa ajili ya heshima. Ndiyo biashara mbaya kuliko zote nilizopata kufanya na ndiyo ya pekee ninayoionea fahari. Mwenyekiti alitaka kunishitaki. Nikamwambia anishitaki bondeni, ndiko walalamikaji waliko.

Nikaenda kwa Mwalimu Mbonde, nikavua viatu mlangoni, nikamwomba radhi. Akanipa. Akanikumbusha pia, kwa sauti yake ile ile ya chini, kwamba betri zikichoka zianikwe juani kama dagaa, zitaamka siku mbili zaidi. Mjomba alinipa msimu mmoja tu kabla ya kujibu posa, na mimi nikabishana naye mpaka ikawa mitatu. Kwa misimu mitatu redio ile ilikaa kwenye kichanja cha Somoe. Ilienea barabara, haikuzidi hata kidole. Wadogo wa madungu ya jirani walikuja kwa zamu na Somoe ndiye aliyekuwa akiisimamisha, akiirudisha nyuma, akiwaeleza, kamba ya makopo mguuni. Wako waliopita hapo wakaenda sekondari. Yeye akaolewa Kibiti. Ana wajukuu sasa, ana genge lake, ananipigia simu kuniuliza bei ya ufuta. Nikisema, "Somoe, yale mambo ya zamani..." ananikatiza: "Kaka, mtandao unakatika." Haukatiki.

Sasa uelewe chai yangu hainishuki kwa nini. Wiki iliyopita, kwenye shule ile ile, akaja kijana mwenye shati jeupe na sanduku la vishikwambi. Akawasha kimoja, akatokea mtoto wa katuni anahesabu. Watu wakapiga makofi yale yale. Niliyatambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha jirani. Nikasimama. Nikauliza mambo matatu. Nani aliyeviomba? Vimejaribiwa kwa mtoto gani wa hapa? Na mwezi wa nne, shule ikiwa bondeni, vitakaa wapi?

Yule kijana akatabasamu. "Mzee wangu, dunia sasa iko kiganjani."

Nikamwambia, "Mpunga je?"

Watu wakacheka, na mwenyekiti wa kamati, ambaye baba yake alijifunza sehemu kwenye dungu letu, akasema Mzee Bakari anaishi na mambo ya kale. Mwalimu wa hesabu, binti mdogo aliyeletwa mwaka huu, alikuwa amekaa nyuma kabisa na karatasi mkononi. Alikuwa ameandika anachohitaji. Hakuna aliyemwuliza. Nilimfuata nje nikaiomba ile karatasi. Ilikuwa na vitu vitatu, na kimojawapo kilikuwa kishikwambi, kimoja, chenye kuchajiwa kwa jua, cha kushuka nacho bondeni siku za Alhamisi. Kimoja, wakati sanduku lina sitini. Mkutano ukaahirishwa mpaka mwisho wa mwezi, ndipo kamati yenu iamue kama vinunuliwe.

Usiniweke kundi la wanaoogopa umeme, mwanangu. Mtu aliyeona redio ya kwapani ikifundisha watoto juu ya maji hawezi kusema chombo hakina faida. Ninachokataa ni kununua makofi. Ninachokataa ni mzazi kutoa debe lake ili kiongozi apate cha kumwonyesha mkaguzi. Na nakataa, kwa nguvu zote zilizobaki, mtu ambaye hajawahi kushika chaki kumfundisha mwalimu mahitaji yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo wewe uliyechaguliwa kwenye kamati hiyo, nakuachia nasaha yangu, na mwisho wa mwezi ukaisimamie. Kabla hujauliza chombo kina nini, uliza mtoto yuko wapi. Kama yuko dunguni, chombo kisichofika dunguni ni pambo. Mwulize anayefundisha, naye akishajibu, nyamaza. Usimpunguzie wala usimzidishie. Jaribu kimoja msimu mmoja kabla hujanunua sitini. Muuzaji akikusifu akili, ondoka dukani, kanywe maji, urudi kesho. Na unapohesabu, anza na wale wasiokuwepo chumbani, maana waliopo watajihesabia wenyewe kwa kelele. Hesabu mara mbili.

Mola akupe sikio la kusikia sauti ya chini ya mwalimu kuliko ngurumo ya jenereta. Akuepushe na makofi ya mapema. Akujaalie wadogo zako waseme nawe mpaka mwisho wa maneno, mtandao usiwakatikie. Na mtoto akikupima mikono kwa kipande cha ukindu, akaenda kukujengea mahali pa ahadi yako, Mwenyezi Mungu asikuache ukapanda ngazi ile mikono mitupu. Amin, mwanangu. Amin tena.